Pambo la Sabuni na Ukweli Wake

Siku hizi twaona sabuni za mapambo zilizotengenezwa kwa mikono. Moja ina mistari ya rangi mbili tatu, kama jiwe la marumaru. Nyingine ina vipande ving'aavyo ndani yake, kama vioo. Nyingine imepigwa chapa ya ua au ya jani. Watu wengi wafikiri kwamba kazi hiyo ni mchezo mpya wa matajiri. Sivyo. Kila pambo la namna hiyo lina historia yake. Fundi anayeyaweka mapambo hayo pamoja katika kipande kimoja cha sabuni aunganisha kwa kweli kazi za mafundi wa nchi nyingi na za karne nyingi.

Tukiifuata historia hiyo hatua kwa hatua, twaona jambo moja la kutushangaza. Pambo la sabuni halikuanza kama urembo tu. Lilianza kama ushahidi. Lilimwambia mnunuzi: sabuni hii ni ya haki, haikuongezwa maji, imekauka vema. Baadaye watu walilifundisha pambo kusema uongo. Na sisi watu wa Kongo, ambao nchi yetu ni nchi ya mawese, tuna sababu ya pekee ya kuijua habari hiyo.

1. Mafuta na majivu

Sabuni yapatikana kwa kuunganisha vitu viwili: mafuta, na maji makali yatokayo katika majivu au katika magadi. Mafuta peke yake huchafua nguo. Maji ya majivu peke yake huunguza ngozi. Lakini vikichanganywa kwa kipimo, kila kimoja huacha tabia yake ya kwanza, na kitu cha tatu chazaliwa. Watu walilijua jambo hilo tangu zamani sana. Katika nchi ya Mesopotamia vimepatikana vibao vya udongo, vyenye umri wa miaka zaidi ya 4000, vinavyotaja mafuta na majivu kwa kazi ya kusafisha sufu. Mwandishi Mrumi Plinius, aliyekufa mwaka wa 79, aliandika kwamba Wagali walitengeneza sabuni kwa mafuta ya wanyama na majivu, nao waliitumia kwa nywele zao.

Afrika nayo haikungoja wageni wa kuifundisha. Wayoruba wa Nijeria na watu wa Ghana wana sabuni yao nyeusi, ipikwayo kwa mafuta ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi. Mti wa kakao ulipofika kwao, wakatumia na maganda ya kakao.

Lakini majivu si ya namna moja. Majivu ya miti ya bara na ya migomba yana potasi, na sabuni yake huwa laini. Majivu ya mimea fulani iotayo kando ya bahari yana soda, na sabuni yake huwa ngumu. Kwa mwenye kufua nguo tofauti hiyo si kitu. Kwa habari yetu ni kubwa. Sabuni laini huchotwa kwa mkono na kuwekwa chunguni; haikatwi sawasawa wala haishiki chapa. Sabuni ngumu hukatwa kwa kisu, hupigwa muhuri, husafirishwa mbali. Ndiyo maana historia ya pambo la sabuni yaanza katika nchi zilizo karibu na bahari ya Mediteranea, mahali penye soda na penye mafuta ya zeituni.

2. Sabuni ijishuhudiayo

Twende kwanza Aleppo, katika nchi ya Siria. Huko mafundi huchemsha mafuta ya zeituni pamoja na soda muda wa siku tatu hivi, na mwishoni huongeza mafuta ya mti uitwao laureli. Uji ule mzito humiminwa sakafuni. Ukiisha kuganda, hukatwa vipande, na kila kipande hupigwa muhuri wa fundi kwa mkono. Kisha vipande hupangwa kama minara yenye matundu, ili hewa ipite kati yake, navyo hukaa hivyo miezi sita na zaidi. Katika muda huo nje yake yageuka rangi ya dhahabu, lakini ndani yabaki kijani. Rangi hizo mbili ni pambo zuri sana, lakini hakuna aliyezipaka. Ni kazi ya hewa na ya uvumilivu. Mnunuzi akikata kipande na kuona kijani ndani ya dhahabu, ajua kwamba sabuni ile haikutolewa ghalani mapema.

Mji wa Nablus katika Palestina nao una sabuni yake ya zeituni, na minara yake ya kukaushia. Mwaka wa 2024 shirika la UNESCO liliandika ufundi wa miji hiyo miwili katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Tuvuke bahari mpaka Marseille, Ufaransa. Mwaka wa 1688 serikali ya mfalme Louis XIV ilitoa sheria juu ya sabuni. Watengenezaji walikatazwa kutumia mafuta mengine yasiyo ya zeituni, tena walikatazwa kufanya kazi katika miezi ya joto, yaani Juni, Julai na Agosti. Wa Marseille walichemsha sabuni katika mitungi mikubwa, wakaiosha kwa maji ya chumvi, mpaka sabuni safi ikajitenga na kuelea juu.

Mafundi wa Marseille walikuwa na sabuni ya namna ya pekee, yenye mishipa ya buluu na nyeusi kama marumaru. Mishipa hiyo ilitokana na chuma. Fundi aliweka chumvi ya chuma katika mtungi, nayo ikajipanga yenyewe kwa mistari wakati sabuni ilipokuwa ikipoa polepole. Ilipokaa hewani, upande wa nje ulipata rangi ya kutu. Basi, sikilizeni faida yake. Mtengenezaji mwenye tamaa akiongeza maji ili sabuni yake iwe nzito zaidi sokoni, uji huwa mwepesi mno, na chuma chote chazama chini. Mishipa yapotea. Kwa hiyo mnunuzi, hata asiyejua kusoma, alitazama mishipa tu, akajua kwamba hakuuziwa maji kwa bei ya sabuni. Pambo lilikuwa mizani ya maskini.

3. Njia mpya nne

Katika karne ya 18 na ya 19 elimu ya wataalamu iliigeuza kazi hiyo. Mwaka wa 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya serikali kwa njia yake ya kutoa soda katika chumvi ya kawaida. Toka siku zile watu hawakuhitaji tena kuchoma mimea ya pwani. Katika miaka ya 1860 Mbelgiji Ernest Solvay alipata njia nyingine, nafuu na safi zaidi, na kiwanda chake cha kwanza kilikuwa Couillet, nchini Ubelgiji. Tena mwaka wa 1823 Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alitoa kitabu kilichoeleza kwa mara ya kwanza nini hutokea chunguni. Alionyesha kwamba mafuta yamejengwa kwa asidi pamoja na kitu kitamu kama asali, kiitwacho gliserini. Soda yaikamata asidi, na hiyo ndiyo sabuni. Gliserini yaachwa huru. Mtu huyu aliishi zaidi ya miaka 100.

Basi njia za kutengeneza sabuni zikawa nne, nasi twataka kuzieleza moja moja, maana bila kuzijua hatuwezi kuelewa sabuni ya mapambo.

Ya kwanza ni kuchemsha, kama tulivyoona Marseille. Sabuni yake ni safi na ngumu, lakini gliserini yote huenda na maji ya chumvi.

Ya pili ni njia baridi. Mafuta ya nazi yalipofika kwa wingi Ulaya, mafundi waliona kwamba yakubali soda upesi, hata bila moto. Fundi apima, achanganya, amimina katika kisanduku, na joto la mchanganyiko wenyewe lamaliza kazi. Gliserini yabaki ndani. Tena uji wake ni mwepesi kwa muda, hata waweza kuchorwa kwa kijiti. Kasoro yake ni kungoja: yafaa ikauke majuma manne hata sita.

Ya tatu ni kuyeyusha sabuni mpaka iwe angavu. Mwaka wa 1807, katika mji wa London, kinyozi mmoja jina lake Andrew Pears alianza kuuza sabuni ambayo mwanga wapita ndani yake. Aliyeyusha sabuni katika pombe kali, akaitenga na uchafu, akaikausha muda mrefu. Sabuni ya namna hiyo yapendeza macho, lakini yayeyuka upesi kwa joto, tena yavuta unyevu wa hewa.

Ya nne ni kusaga. Sabuni iliyokauka hukatwa nyuzi nyembamba, hutiwa manukato na rangi, hupitishwa katikati ya magurudumu mazito ya mawe au ya chuma, kisha hugandamizwa kwa muhuri. Manukato hayachomwi kwa moto, na chapa yatoka wazi kabisa. Wafaransa walijipatia sifa kubwa kwa njia hii katika karne ya 19.

Lakini elimu ileile ilifungua mlango wa udanganyifu. Viwanda vilijifunza kujaza sabuni maji na vitu vingine vya bei rahisi, kisha kuichanganya na unga wa buluu kwa namna ambayo rangi haikuzama. Mishipa ilionekana kama ile ya Marseille, tena mizuri zaidi. Lakini ushahidi haukuwamo tena. Mtu maskini aliyezoea kuyaamini macho yake akalipia maji.

4. Kasha la pembe

Sasa tufike kwetu. Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni yake Sunlight katika miaka ya 1880. Aliikata vipande sawa, akaifunga katika karatasi nzuri, akaipa jina. Alihitaji mafuta mengi kuliko yaliyopatikana. Tarehe 14 Aprili 1911 alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapewa ruhusa ya kuchagua mashamba ya michikichi katika maduara matano ya nchi ya Kongo, kila moja la kilomita 60 toka katikati hadi ukingoni. Kampuni iliitwa Huileries du Congo Belge, na makao yake ya Lusanga, kando ya mto Kwilu, yaliitwa Leverville.

Mwaka wa 1912 kipande cha kwanza cha sabuni iliyotengenezwa kwa mawese ya Kongo kilipelekwa kwa mfalme Albert wa Ubelgiji. Kilikuwa kimewekwa ndani ya kasha la pembe ya ndovu. Fikirini kasha hilo. Je, pambo hilo lilishuhudia nini? Halikusema lolote juu ya watu waliopanda michikichi kwa kamba kiunoni ili kukata mikungu. Halikusema juu ya wale waliochukuliwa vijijini kwa nguvu, wala juu ya wanawake na watoto waliobeba mizigo. Mwanahistoria Mbelgiji Jules Marchal aliandika kitabu kizima juu ya kazi ya kulazimishwa katika mashamba hayo, kilichotoka mwaka wa 2001. Mwaka wa 1931 Wapende wa Kwango waliasi. Bei ya chikichi ilikuwa imeanguka, lakini kodi ilibaki palepale, na wakataji waliendelea kusukumwa kazini. Afisa mmoja wa serikali, Maximilien Balot, aliuawa. Na askari walipomaliza kulipiza, Wapende zaidi ya 500 walikuwa wamekufa.

Tusiseme kwamba sabuni ilikuwa mbaya. Sabuni imeokoa watoto wengi na magonjwa, na hata leo yaokoa. Lakini tutazame njia ya mali. Mawese yalitoka Kwilu kwa bei ndogo. Huko ng'ambo yakageuzwa sabuni, yakapewa rangi, harufu, chapa na karatasi. Kila hatua iliongeza bei, na kila hatua ilifanyika mbali na mikono iliyokata chikichi. Kumbe mapambo si upuuzi. Mahali pambo linapowekwa, ndipo faida inapobaki.

5. Kuziunganisha njia

Baada ya vita ya pili ya dunia sabuni za unga za viwanda zilienea. Huko Marekani, toka mwaka wa 1953, dawa hizo mpya za kufulia ziliuzwa kuliko sabuni yenyewe. Ikaonekana kama kazi ya mkono imekwisha. Lakini toka miaka ya 1970 watu wengi, kwanza Marekani na Ulaya, walirudia njia baridi nyumbani mwao. Na kwa kuwa hawakufungwa na desturi ya kiwanda kimoja, walithubutu kuchanganya njia ambazo zamani zilikaa mbalimbali. Hiyo ndiyo sabuni ya mapambo tunayoiona leo.

Kazi yenyewe yaendelea hivi. Kwanza fundi ayeyusha sabuni angavu, aitia rangi, aiacha igande, aikata vipande vidogo. Hiyo ni njia ya Pears. Kisha apima mafuta na soda kali, ile ambayo wengi huiita kostiki. Huitia soda ndani ya maji, wala si maji juu ya soda, maana yaweza kurukia macho. Hatumii sufuria ya alumini, kwa sababu soda yaila. Achanganya kwa njia baridi mpaka uji uwe mzito kiasi cha kuacha alama ya mwiko. Hapo augawa, atia rangi mbalimbali, aweka vile vipande angavu, amimina kwa zamu, achora mistari kwa kijiti. Mabaki ya sabuni za zamani hayatupwi: huparuzwa na kunyunyizwa ndani, kama katika njia ya kusaga. Na akitaka sehemu ya chini yenye sura ya mwamba, huishindilia kwanza sabuni iliyopikwa motoni, ambayo ni nzito kama ugali, kisha humimina ile baridi juu yake.

Ugumu wa kazi ni kwamba kila njia huleta tabia zake. Uji ukiwa na joto mno, vipande angavu vyayeyuka na mistari yachafuka. Vipande vikiwa na maji juu yake, havishikamani, na sabuni ikikauka vyang'oka. Wakati wa masika vyatoa jasho. Kwa hiyo aunganishaye njia nne lazima azijue zote nne, wala asijue moja tu na kubahatisha nyingine.

Hapa ndipo ukweli wa pambo wajaribiwa tena. Kilo 1 ya mawese yahitaji gramu 140 hivi za soda kali. Kilo 1 ya mafuta ya nazi yahitaji 180 hivi. Mafundi wenye akili hupunguza soda kidogo, ili mafuta yabakie na ngozi isiumie. Asiyekuwa na mizani, au abadilishaye mafuta bila kubadilisha kipimo, huacha soda kali ndani ya sabuni. Soda isiyochanganyika yaweza kuonekana kama madoa meupe. Katika sabuni isiyo na rangi madoa hayo yaonekana mara moja. Katika sabuni yenye mistari meupe na vipande vya kung'aa yaweza kufichika kabisa, na mama atamwogeshea mtoto wake. Pambo lililokuwa mizani ya maskini laweza hivyo kuwa mtego wake.

6. Mawese yana rangi yake

Katika Kongo hatukosi kitu cha kuanzia. Michikichi ipo Kwilu, ipo kando ya ziwa Tanganyika, katika Fizi na Uvira. Unilever, mrithi wa kampuni ya Lever, iliuza mashamba yake ya michikichi ya Kongo mwaka wa 2009. Wanawake wengi wajua kukamua mawese na kupika sabuni. Tena mawese mabichi yana pambo ambalo viwanda huliondoa kwa makusudi: rangi yake ya machungwa. Sabuni ya mawese yasiyosafishwa hutoka na rangi hiyo pasipo kutiwa kitu. Rangi hiyo hufifia ikikaa juani, na hivyo kwa namna yake yatuambia ukweli, kama kijani cha Aleppo: yaonyesha mafuta gani yametumika, na sabuni imetunzwa namna gani. Ukiiwekea mstari mmoja mweusi wa mkaa uliosagwa, na mwingine wa udongo mweupe, una sabuni ya mapambo isiyodaiwa na nchi yoyote ya ng'ambo, ila soda tu.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sabuni nzuri kwa macho yaweza kujiuza mara moja. Ili ijiuze mara ya pili, yapasa iwe nzuri mpaka ndani. Kwa hiyo twawashauri wale wanaotaka kuanza kazi hii, wawe watu binafsi au vyama vya wanawake: nunueni mizani kabla ya kununua rangi. Jifunzeni njia moja mpaka muimiliki, kisha nyingine, ndipo muziunganishe. Acheni sabuni yenu ikauke majuma yake yote, hata kama mnunuzi yuko mlangoni. Na juu ya kila kipande pigeni chapa ya jina lenu, kama mafundi wa Aleppo, ili mtu akiwa na lawama ajue pa kuipeleka, na akiwa na sifa ajue ni ya nani.